Jina Moja, Ndimi Nyingi



Siku hizi wako wahubiri wanaofundisha ya kwamba jina "Yesu" si la kweli, na asiyelitamka kwa Kiebrania maombi yake hayasikiwi. Baadhi ya Wakristo wetu wameingiwa na hofu. Mama aliyeomba kwa jina hilo miaka hamsini anajiuliza: je, nimekuwa nikimwita nani? Basi natuangalie jinsi jina hili lilivyosafiri.

Nyumbani Nazareti Bwana wetu aliitwa Yeshua. Hicho ni kifupi cha Yehoshua, jina lile lile la Yoshua mwana wa Nuni. Maana yake, Bwana huokoa. Zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kuzaliwa kwake, Wayahudi wa Iskanderia kule Misri walianza kutafsiri Maandiko kwa Kiyunani. Lugha ile haikuwa na sauti ya "sh", wakaweka "s". Tena majina mengi ya wanaume wa Kiyunani huishia kwa "s", nao wakaiongeza mwishoni. Yoshua akawa Iesous. Ndiyo sababu katika Kiyunani cha Matendo 7:45 na Waebrania 4:8, Yoshua ameandikwa kwa jina hilo hilo la Mwokozi.

Warumi walisema Iesus. Waingereza nao waliandika hivyo katika Biblia yao ya 1611, ndipo baadaye ikawa Jesus. Wakikuyu husema Jesu. Sisi kwa Kiswahili twasema Yesu, kwa kuwa maneno yetu hupenda kuishia kwa irabu.

Mwaona, ndugu? Walioiacha "sh" kwanza ni Wayahudi wenyewe, na mitume walipoandika Agano Jipya hawakuona haya kulitumia jina hilo la Kiyunani.

Katika Waamuzi 12 twasoma habari za vivuko vya Yordani. Mwefraimu aliambiwa aseme "Shibolethi". Akisema "Sibolethi", aliuawa. Watu 42,000 wa Efraimu walianguka wakati ule. Wanadamu walichinjana, na alama ya kumtambua wa kuuawa ilikuwa "sh". Je, Mungu wa Pentekoste, aliyewafanya watu wasikie matendo yake kila mmoja kwa lugha yake, atatufungia mlango kwa sauti hiyo hiyo? Hasha!

Mama mpendwa, omba kama ulivyozoea. Mtoto mwenye ulimi mzito akiita, mzazi wake huitika.