Kabla ya kusema flashi ni mbovu, angalia ukubwa wa fungu

Watu wawili hununua flashi za GB 64 za aina moja, wakanakili folda ile ile, kisha mmoja akaona nafasi yake imeliwa zaidi. Papo hapo muuzaji huitwa mwizi. Huenda hana kosa lolote: flashi hizo zimefomatiwa kwa mafungu ya ukubwa tofauti.

Kompyuta huigawa diski katika mafungu yaliyo sawa, na kila faili hupewa mafungu mazima. Ni kama samaki wa fungu sokoni: hata ukihitaji nusu, utachukua fungu zima. Nafasi inayobaki ndani ya fungu haipewi faili nyingine.

Tufanye hesabu. Una faili 10,000, kila moja KB 2, yaani takriban MB 20. Fungu likiwa KB 4, zitachukua kama MB 40. Likiwa KB 128, kipimo ambacho Windows hukichagua yenyewe kwa mfumo wa exFAT kwenye flashi inayozidi GB 32, zitachukua karibu GB 1.28! Lakini video moja ya harusi ya GB 3 haitaonyesha tofauti ya maana, na fungu kubwa huipunguzia kompyuta kazi ya kufuatilia vipande vingi.

Kwa hivyo, ukitaka kupima flashi mbili kwa haki, fanya hivi:

Kwanza, hamisha vitu vyako, kwani kufomati hufuta kila kitu.

Pili, zifomati zote kwa mfumo mmoja wa faili na fungu moja. Kwenye Windows, ukubwa wa fungu huchaguliwa chini kidogo ya mfumo wa faili.

Tatu, nakili mizigo miwili ile ile: video moja kubwa, kisha folda ya faili ndogo nyingi. Tumia tundu lile lile la kompyuta, na urudie mara tatu.

Nne, fungua sifa za folda. Utaona ukubwa wa faili zenyewe na nafasi zinazokalia kwenye diski. Pengo kati ya tarakimu hizo ni hasara ya mafungu, si wizi.

Ukitaka kujua fungu gani linakufaa, badilisha fungu peke yake, kisha upime tena. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hutajua lipi limeleta tofauti.

Mwenye nyaraka nyingi ndogo achague fungu dogo. Mwenye video, kubwa. Kadi ya kamera ifomati ndani ya kamera yenyewe.