Chachu ya gramu moja inayogeuza lita 100 za maziwa

KAMPALA. Katika maduka yanayolizunguka Soko la Nakasero, friji hazikosi yogati: ya vikombe, ya chupa, na ile ya mifuko midogo inayonunuliwa na wachukuzi na madereva wa bodaboda jua linapokuwa kali. Mteja huuliza bei na ladha. Ni nadra kuuliza kile kilichoyagandisha maziwa hayo kimetoka wapi, na nani alikuwa akikimiliki kabla hakijamiminwa kwenye sufuria.

Kwa mfanyabiashara anayevuka Busia, Malaba, Mutukula au Katuna, swali hilo lina pesa ndani yake. Ng'ombe ni wa hapa, anayechemsha maziwa ni wa hapa, mnywaji ni wa hapa. Chachu, ule unga usiojaza hata nusu kijiko, kwa sehemu kubwa huuzwa na kampuni chache za Ulaya. Ukikosa unga huo, mtambo wako wa yogati ni jiko la kuchemshia maziwa tu.

Viwandani, kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kumalizika huitwa kichocheo. Nikeli ndiyo inayogeuza mafuta ya mimea yaliyo majimaji kuwa mafuta mazito ya kupikia. Chuma kilichotiwa madini mengine kidogo ndicho kinachounganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni kuwa amonia, ambayo ndiyo mama wa mbolea ya urea inayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam. Kukipata chuma hicho hakukuwa bahati. Kikosi cha Alwin Mittasch katika kampuni ya BASF, Ujerumani, kilijaribu maelfu ya michanganyiko katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwendo wa biashara hiyo haujabadilika sana tangu hapo: kichocheo hushonwa kama suti, kwa kipimo cha kazi yake, aliyekigundua hukilinda kwa hataza, mwenye kiwanda hununua bila kupewa siri.

Chachu ya yogati ni ndugu wa karibu. Kwa lugha ya usahihi, kinachofanya kazi ni vimeng'enya vilivyomo ndani ya bakteria, vinavyoigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Tofauti ni kwamba bakteria huzaliana, jambo ambalo nikeli haiwezi. Ndiyo maana msindikaji mdogo hujaribiwa kuchota yogati ya jana ili aanzishie ya leo. Kwa mara chache hufaulu. Baadaye uwiano wa bakteria hubadilika, vimelea vya nje huingia, na mteja aliyezoea ladha moja huanza kulalamika.

Biashara ya kuuza vitu hivi vikiwa tayari, kwa kipimo kisichobadilika, ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1874 Mdenishi Christian Hansen alianzisha mjini Copenhagen kampuni ya kuuza kimeng'enya cha tumbo la ndama kwa watengenezaji wa jibini. Kampuni hiyo, Chr. Hansen, ilikua hadi kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa chachu za maziwa duniani, na mwanzoni mwa 2024 iliungana na jirani yake Novozymes, mtengenezaji wa vimeng'enya vya viwandani, wakajiita Novonesis.

Bakteria aliyemaliza muda wa hataza

Kisa kinachowahusu Waganda kilianzia Boston, Marekani. Katika miaka ya 1980 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Tufts, Sherwood Gorbach na Barry Goldin, walimtenga bakteria kutoka kwenye utumbo wa mtu mwenye afya. Walimwita GG, kwa herufi za kwanza za majina yao ya ukoo. Ombi la hataza liliwasilishwa 1985. Kampuni ya maziwa ya Valio ya Finland ilinunua haki ya kumtumia, na mwaka 1990 ikaanza kuuza bidhaa zake kwa jina la Gefilus. Bakteria huyo amechunguzwa sana, hasa kwa uwezo wake wa kupunguza muda wa kuharisha kwa watoto.

Hataza ina mwisho, na ya huyu ilifika mwisho wake. Hapo ndipo Waholanzi wawili, Remco Kort na Wilbert Sybesma, walipoona mlango. Mwaka 2009 walianzisha taasisi ya Yoba for Life, wakiwa na wazo linalofanana na la dawa zisizo na jina la kampuni: kilicho huru kisheria kitengenezwe kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Jina la kibiashara la LGG hawakuweza kuligusa, maana hataza hufa lakini alama ya biashara huhuishwa. Bakteria wao akaitwa Lactobacillus rhamnosus yoba 2012. Thamani ya jina peke yake si ndogo: mwaka 2016 Chr. Hansen ililipa Euro milioni 73 kuichukua LGG kutoka kwa Valio, miaka mingi baada ya siri yenyewe kuwa ya umma.

Kupata haki ya kumtumia bakteria ni jambo moja. Kumfanya akae katika maziwa ya Mbarara ni jingine. Bakteria huyu ni mkazi wa utumbo na maziwa hayamfai sana: hawezi kuitumia sukari ya maziwa, na protini ya maziwa inamshinda kuivunja. Ukimtia peke yake kwenye ndoo ya maziwa utasubiri sana.

Hapa ndipo utafiti wa pamoja ulipoleta faida. Alitafutiwa mwenzake, Streptococcus thermophilus C106, ambaye huivunja sukari hiyo na kuikatakata protini hiyo, naye yule wa Boston akala kwenye sahani ya mwenzake na kuongezeka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Microbial Cell Factories, na orodha ya waandishi wake inaonyesha kazi ya namna hii inavyogawanywa: wapo watafiti wa Uholanzi, yupo Willem de Vos, aliyekuwa akifundisha Uholanzi na Finland, yupo Gregor Reid wa Kanada, na yupo Ivan Mukisa wa Chuo Kikuu cha Makerere, mtaalamu wa chakula ambaye utafiti wake unajulikana zaidi kwa obushera, kinywaji cha mtama na ulezi cha kusini magharibi mwa Uganda.

Kilichotoka humo ni kifuko kikavu cha gramu moja kinachotosha lita 100 za maziwa.

Ukavu huo ndio uliofungua biashara, na anayetaka kuelewa kwa nini atazame Mwanza. Huko, mwaka 2004, kikundi cha akina mama cha Tukwamuane cha Mabatini kilianza kutengeneza yogati yenye bakteria mwingine, GR-1, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Western cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kazi ilikuwa nzuri na yogati ilinywewa. Lakini chachu yake ilikuwa ya majimaji. Ilibidi iandaliwe maabara na kupelekwa jikoni ingali hai. Kikundi kilicho mbali na maabara kilikuwa mbali na chachu. Kifuko kikavu kinasafiri na basi. Baadaye Kanada, kupitia shirika lake la IDRC, ilifadhili mradi uliowaunganisha watu wa Western, Yoba, shirika la Heifer na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na chachu za namna hii zikafika kwa wasindikaji wadogo wa Uganda, Kenya na Tanzania.

Vifaa vyake havitishi. Maziwa huchemshwa hadi nyuzi 85 au zaidi, hupozwa hadi kama 45, hutiwa chachu, kisha hufunikwa yasipoteze joto hadi yagande. Kipimajoto, sufuria kubwa, vyombo safi na friji vinatosha kuanzia. Kinachowashinda wengi hakimo jikoni. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki siku chache zilizopita hayagandi, kwa sababu dawa inaua bakteria wa chachu kama inavyoua wa ugonjwa. Msindikaji huilaumu chachu, muuza chachu huyalaumu maziwa, na lita 100 zinamwagwa. Anayenunua maziwa ya kukusanya kutoka kwa wafugaji wengi afanye jaribio la kikombe kimoja kwanza.

Kutoka Barabara ya Kafu hadi mpakani

Juu kidogo ya soko, kilima cha Nakasero kinabadilika: kelele zinapungua, miti inaongezeka, ofisi za serikali na balozi zinaanza. Kwenye Barabara ya Kafu ndipo yalipokuwa makao ya Mamlaka ya Maendeleo ya Maziwa ya Uganda, DDA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Aliyesindika au kuuza maziwa kibiashara Uganda aliishia mikononi mwa DDA kwa usajili na ukaguzi, na kwa Shirika la Viwango, UNBS, kwa alama ya ubora. Umbali kati ya mfuko wa yogati wa sokoni na faili la Barabara ya Kafu ulikuwa wa kutembea kwa miguu, ila bidhaa nyingi za mitaani hazikuwahi kuumaliza mwendo huo.

Wanaouza nje wanajua gharama ya faili hilo. Mwezi Januari 2020 maofisa wa Kenya walikamata shehena za maziwa ya Lato, yanayotengenezwa na Pearl Dairy ya Mbarara, na biashara ikakwama. Machi 2023 Bodi ya Maziwa ya Kenya ikasimamisha uingizaji wa maziwa ya unga. Mara zote mbili Uganda ilinung'unika, mawaziri wakazungumza, na wenye malori wakahesabu hasara. Soko la pamoja lipo kwenye karatasi tangu 2010. Kwenye maziwa, kila nchi bado inamtazama mfugaji wake kwanza.

Katika hali hiyo chachu inampa mfanyabiashara njia ambayo lori haimpi. Yogati ni mzigo mzito, unaotaka baridi tangu jikoni hadi dukani, na unaharibika foleni ya mpakani ikirefuka. Chachu ya lita 1,000 ni vifuko kumi. Aliyezoea kupeleka maziwa Busia anaweza kukaa na mwenzake wa upande wa pili, wakanunua maziwa ya upande huo, wakatumia chachu ileile na mtindo uleule wa kusindika, na kuuza kwa jina moja. Hapo kinachovuka mpaka ni ujuzi na jina. Haimfai mfugaji wa Kiruhura anayetaka maziwa yake yanunuliwe, hilo ni kweli, na ndiyo sababu njia hii haiwezi kuchukua nafasi ya mpaka ulio wazi.

Kuna mtego mmoja wa lebo. Kwa viwango vya kimataifa vya Codex, yogati ya kawaida ni ile iliyogandishwa na Streptococcus thermophilus pamoja na Lactobacillus bulgaricus. Ikiwa mwenza ni Lactobacillus mwingine, kama huyu wa rhamnosus, Codex inaitambua kuwa yogati ya chachu mbadala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha yogati, EAS 33, na mkaguzi husoma lebo kabla ya kuonja. Anayetengeneza kwa chachu ya namna hii aulize mapema, UNBS kwa Uganda, KEBS kwa Kenya au TBS kwa Tanzania, maneno gani yaandikwe. Kibandiko kilichochapwa mara elfu tano kwa kosa moja ni mtaji uliokufa. Habari za tiba pia ziachwe nje ya lebo. Kudai kwamba bidhaa inaponya kunamwita mdhibiti wa dawa, na huyo ana faini zake.

Linalobaki ni nani atakayeotesha chachu yenyewe. Kuwakuza bakteria kwa wingi, kuwakausha kwa baridi wakiwa hai na kuwafungasha bila uchafu ni kazi ya mitambo na ya mtaji mkubwa kuliko sufuria na kipimajoto. Wataalamu wapo: Makerere, Jomo Kenyatta, Sokoine kule Morogoro, na Taasisi ya Utafiti wa Viwanda ya Uganda iliyoko Nakawa. Malighafi ndiyo usiseme. Ikivuguto ya Rwanda, mursik ya Wakalenjin, bongo ya Uganda na mtindi wa vibuyuni kote Tanzania vyote vina bakteria waliozoea maziwa yetu na joto letu, na wengi wao wamekwisha kutengwa na kuandikwa majaridani. Kutoka jarida hadi kifuko ndipo mwendo unapokatika, kwa sababu hakuna nchi moja kati ya hizi yenye wanunuzi wa kutosha kulipia kiwanda cha chachu peke yake. Nchi zote kwa pamoja zinao.

Itifaki ya Nagoya ya 2010, ambayo Uganda na Kenya ni wanachama wake, inamtaka anayechukua viumbe hai vya nchi kwa utafiti na biashara apate idhini na agawane faida. Mtafiti wa nje akija na chupa zake kuchota mursik, karatasi hiyo ipo. Lakini mgao wa faida hudaiwa kwa bidhaa iliyo sokoni, na huwezi kudai mgao wa kifuko ambacho hakijatengenezwa.

Kwa sasa, anayenunua chachu Kampala, Nairobi au Mwanza asome mambo manne kwenye kifuko kabla ya kulipa: majina ya bakteria, idadi ya lita, tarehe ya mwisho, na joto la kuhifadhia. Kifuko kilichokaa juani kwenye dashibodi tangu Mutukula bado kina unga ndani. Bakteria wake huenda walikufa Masaka.