Kabla ya Kung'oa Mkonge wa Mpakani Ikutha

Ukitaka kujua kwa nini ua mpya huzua ugomvi Ikutha, kule Ukambani, anza na mkonge, si seng'enge. Mtu yuko Doha au Dallas, anatuma pesa, fundi anaambiwa aondoe makonge ya zamani ili nguzo zisimame pasafi. Wiki haiishi, jirani yuko kwa naibu wa chifu akilalamika kwamba ua umeingia kwake. Mwenye ua anajibu kwamba ana hatimiliki na ramani. Lakini ramani hiyo haina nguvu anayoidhania.

Mashamba mengi ya Ukambani yalisajiliwa kwa kufuata sheria ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi. Kamati ya wenyeji ilipita mpakani pamoja na maofisa, na kila mmoja akaonyesha alama zake: mkonge, mnyaa, jiwe, safu ya mibambara iliyochomekwa ikiwa vijiti ikachipua. Mchoraji alifuata alama hizo. Katika sehemu nyingine za Kenya ramani zilichorwa kwa picha za ndege, na wakulima wakatakiwa kupanda ua mapema ili uonekane kutoka angani. Mmea ulitangulia, ramani ikafuata.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 imelishika jambo hilo. Kifungu cha 18 kinasema ramani ya usajili huonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale mpaka ulipopimwa na kuthibitishwa rasmi chini ya kifungu cha 19. Utaratibu huu tuliurithi kwa Waingereza, na ndugu zetu walionunua nyumba Leeds au London wataukuta kwenye hati zao vilevile. Kifungu cha 20 kinamtaka kila mwenye shamba atunze ua, mawe na alama nyingine za mpaka. Anayeziharibu au kuzihamisha kwa makusudi bila idhini anaweza kufungwa hadi miaka 2, au kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au yote mawili, na juu ya hayo agharamie kuirudisha alama. Kwa hiyo fundi anayeng'oa makonge kwa agizo la simu anaharibu ushahidi ambao ungemtetea aliyemtuma.

Kabla ya sheria hizi, muvaka, yaani mpaka, ulilindwa na wazee wa nzama, baraza la Wakamba. Waliitwa shambani, wakauliza nani alipanda mti huu na nani alikuwepo. Shauri likishindikana kulikuwa na kiapo cha kithitu, kilichoogopwa kwa sababu kiliaminika kumuua mwongo na kuwafuata hata jamaa zake. Wachaga nao, kule Kilimanjaro, hupanda isale mpakani, na jani la isale hilohilo ndilo mtu hupeleka anapoomba msamaha. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 60 na cha 159, inahimiza migogoro ya ardhi isuluhishwe kwa njia za jamii, mradi zisivunje haki za msingi. Sharti hilo nalithamini sana. Mara nyingi mjane hukaa mbele ya baraza la wanaume watupu, na kumbukumbu zao zinaweza kuegemea upande wa shemeji zake.

Hata hivyo ningeanza kwa wazee, makubaliano yakaandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Yakishindikana, peleka ombi kwa msajili wa ardhi wa kaunti. Yeye huwaarifu majirani, hufika shambani na mpima, husikiliza, kisha huamua. Ukikimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi kabla ya hapo, kesi ya mpaka inaweza kutupwa, maana kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinaizuia mahakama kuisikiliza mpaka msajili awe ameuthibitisha mpaka. Na pale ambapo zoezi la kuamua haki za ardhi bado linaendelea, huwezi kushtaki bila idhini ya ofisa anayelisimamia.

Kuna pia suala la mukau. Mti huu wa mbao unafaa nchi kavu, na wengi wanaupanda pembezoni mwa shamba. Ukiwa mkubwa, kivuli kinaangukia ndengu za jirani, na siku ya kuukata kila mmoja anadai ni wake. Upande hatua kadhaa ndani ya shamba lako, mstari wa mpaka uuache kwa mkonge.

Tangu lami ya Kibwezi kwenda Kitui ipite Ikutha, kila hatua ya ardhi inatazamwa kwa jicho jingine, na sisi tulio mbali ndio wenye haraka ya kuzungushia ua. Jirani huyo ndiye atakayemkimbiza mama hospitali usiku, wewe ukiwa ng'ambo. Mpigie simu kabla hujatuma pesa ya seng'enge. Nguzo zichimbiwe yeye akiwepo, ndani ya mstari wenu, na makonge yaachwe yalipo.