Busisi: Foleni imekwisha, mteja yuko wapi?

Kwa miaka mingi barabara kuu ya Busisi, wilayani Sengerema, iliishia majini. Gari lililotoka Geita au Sengerema liliteremka hadi gatini na kusubiri kivuko cha kwenda Kigongo, upande wa Misungwi, ndipo liendelee hadi Usagara na Mwanza. Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, na kusubiri kukakoma.

Soko la kusubiri

Ramani ya biashara pande zote mbili ilichorwa na kivuko. Abiria wa basi walilazimika kushuka na kuingia kivukoni kwa miguu. Hapo msafiri alikuwa na muda na fedha mkononi. Mama lishe, wauza samaki wa kukaanga, matunda, karanga na soda walijipanga kuelekea gatini. Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni walihitaji chakula na, usiku ulipowakuta, mahali pa kulala. Kivuko kilipoharibika, msafiri aliumia lakini muuza chai aliongeza birika.

Kwa hiyo thamani ya kibanda haikutokana na idadi ya magari yaliyopita, bali na dakika ambazo kila gari lilisimama. Daraja limeongeza la kwanza na kufuta la pili.

Nani kafaidika?

Faida kubwa imekwenda kwa mwenye mzigo. Samaki wa ziwani huharibika haraka, na kila saa ya foleni ilikula barafu. Nanasi la Geita na ndizi ya Kagera nazo hazingoji. Lori linalovuka kwa dakika chache badala ya saa kadhaa linaweza kuongeza safari kwa wiki, na gharama zake za kudumu, kama bima na mshahara wa dereva, zikagawanywa kwa tani nyingi zaidi. Ushindani ukiwapo, sehemu ya nafuu hiyo itamfikia mlaji wa Mwanza.

Daraja, lililogharimu Serikali zaidi ya shilingi bilioni 700, limejengwa kwa ajili ya mzunguko huo mpana unaofika Rwanda, Burundi na Uganda. Muuza karanga wa gatini hakuwamo katika hesabu hiyo, ingawa mtaji wake ndio ulioguswa kwanza.

La kufanya

Kumfuata mteja anayepita mbio hakuna faida, tena ni hatari. Kinachotakiwa ni sababu ya gari kusimama: maegesho ya malori, vyoo safi, chakula cha moto na soko la samaki lenye barafu, vyote mahali pamoja karibu na maingilio ya daraja. Halmashauri za Sengerema na Misungwi zikipima viwanja mapema, wafanyabiashara wadogo watapata pa kuanzia. Zikichelewa, madereva watazoea kula Usagara au Sengerema mjini, na mazoea ya dereva ni magumu kuyavunja.