Kabla ya Kupakia Kontena la Sekenke

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Sekenke hupita Singida mjini, hufika Misigiri kwenye njia panda ya Kiomboi, kisha huanza kuuteremka ule mlima ambao madereva wa masafa huutaja wakiwa wamepunguza gia. Chini yake ni Shelui na mbuga ya Wembere. Naanza na barabara kwa sababu makanisa ya ng'ambo yanayotaka kusaidia huku huuliza kwanza, "Tupakie nini?" Ni nadra mtu kuuliza nani atalipa gharama za bandarini.

Iramba, wilaya ilimo Sekenke, imezoea wageni wenye shughuli. Wajerumani walifuata dhahabu. Dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyotengenezewa sarafu za rupia 15 zilizopigwa Tabora mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimewabana. Wamisionari wa Leipzig walileta Injili, vita hivyohivyo vikawaondoa. Miaka ya 1920 wakaja Walutheri wa Augustana kutoka Marekani. Hao walianzia Kilimanjaro, wakishika kazi iliyoachwa na Wajerumani. Wenyewe waliporudi, Waamerika wakahamia Iramba na Turu. Hospitali ya Kiomboi ni tunda la misheni yao. Waliowatuma, wengi wao sharika za wakulima, walichanga mwaka hadi mwaka ili watu wakae, wajifunze lugha, wazeeke hapa. Hiyo ndiyo aina ya msaada ninayoipenda, na ndiyo inayozidi kuwa adimu.

Siku hizi mgeni hukaa wiki mbili. Simdharau. Mwaka 2003 Floyd Hammer na mkewe Kathy Hamilton, wakulima wastaafu wa Iowa, walikuja Nkungi, katika mkoa huuhuu wa Singida, kusaidia kukarabati hospitali ya wagonjwa wa UKIMWI. Wakaikuta njaa. Waliporudi kwao walianzisha shirika linalokusanya watu wa kujitolea kufungasha vyakula vikavu kwa ajili ya wenye njaa, na mwaka 2013 Rais Obama akawatunuku tuzo katika Ikulu ya Marekani. Hawakuja na mpango wa chakula mfukoni. Walikuja kwa kazi moja, wakaona nyingine, wakaifuata.

Hata hivyo, chakula cha msaada ni dawa ya mwaka wa njaa. Mvua ikinyesha vizuri, mkulima wa Iramba ana mtama, mahindi na alizeti vya kuuza, naye hawezi kushindana na cha bure. Kanisa la ng'ambo lenye nia njema lingefanya vyema kutuma fedha ili shule inunue mahindi kwake. Picha haitapendeza kama ile ya watu waliovaa kofia za plastiki wakifunga mifuko, lakini mtoto atashiba na jirani yake atalipa ada.

Vifaa vya hospitali navyo vina mitego yake. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Mashine ikichomekwa bila transfoma, imekwisha. Dawa zinahitaji ruhusa ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kabla ya kuingia, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe na walau mwaka mmoja wa uhai inapofika. Msamaha wa kodi uombwe kontena likiwa bado halijapandishwa melini. Likishafika bila karatasi, gharama ya kuhifadhi huhesabiwa kwa siku, na bili humwangukia mchungaji ambaye hata hakuulizwa anahitaji nini.

Watu nao wana karatasi zao. Anayekuja kujitolea asije kwa viza ya utalii. Anahitaji kibali cha ukaazi cha daraja C. Daktari anahitaji pia usajili wa muda kwenye Baraza la Madaktari. Ndiyo maana barua ya anayetaka kusaidia ianzie dayosisi, ambako Baba Askofu na katibu mkuu wanajua usharika upi unajenga na upi una mgeni tayari. Fundi anayekuja kufundisha kijana kutengeneza jenereta ana faida kuliko vijana kumi wanaokuja kupaka rangi ukuta. Wapaka rangi tunao.

Kuna jambo moja ambalo wageni hulifanya vizuri bila kuambiwa. Baada ya ibada, sadaka za mazao hutolewa nje na kunadiwa: mayai, kuku, debe la mahindi. Mgeni hupandisha bei ya jogoo, wazee wanacheka, mama mmoja anapandisha tena makusudi ili asimwachie. Hapo amekwisha kuchangia usharika kama mtu yeyote mwingine, kwa bei aliyoipigania. Kisha hugeuka na kuuliza kwa wasiwasi jogoo huyo atamweka wapi.