Motere gani kwa mitumbwi miwili?

Labda wewe na wenzako muliweka likelemba kule Kalima ao Kailo, na sasa munataka chombo cha kubeba watu na mizigo kwenye Lualaba. Mutumbwi mumoja unayumba. Lakini mitumbwi miwili ikiachana kidogo na kufungwa pamoja kwa mbao, inatulia vizuri. Ulaya na Marekani matajiri wanajenga vyombo vya namna hii vya kutembea baharini, wanaviita katamarani. Ulizo lao na letu ni moja: tuweke motere gani?

Wengi wanaingia dukani na kuomba motere kubwa kupita zote. Ni makosa. Chombo kizito, ukitaka kiende mbio mara mbili, kinaomba nguvu karibu mara nane. Franga zitaisha na mwendo utabaki uleule. Basi tutazame mambo matatu.

Kwanza, mafuta. Motere ya esansi, ile ya kutundika nyuma, ni nyepesi. Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, ukifika penye muchanga unaiinua tu. Lakini inakunywa sana, na mvuke wa esansi unashika moto upesi. Motere ya mazuti ni nzito, inakaa ndani ya chombo, na elisi yake haiinuki. Lakini kwa kazi ileile inatumia mafuta kidogo.

Pili, elisi. Kwa mizigo, tafuta yenye hatua fupi. Ni kama dereva wa kamyo kwenye mulima: anatia vitesi ya kwanza.

Tatu, hesabu ya motere. Kama ni moja, iwe katikati ya mitumbwi. Ukiitia upande mumoja, chombo kitataka kuzunguka kama mbuzi kwenye kamba. Lakini heri mbili ndogo, moja nyuma ya kila mutumbwi. Kwa kugeuka pahali padogo, moja inakwenda mbele, ingine nyuma. Na moja ikizimika, ingine itakufikisha polepole.

Jambo hili si muchezo. Toka Kindu mpaka Ubundu ni karibu kilometre 300 za maji ya kusafiri, lakini kisha Ubundu maporomoko saba ya Boyoma yanaanza. Ndiyo sababu reli ya kilometre 125 ilijengwa kutoka pale mpaka Kisangani, ikamalizika mwaka 1906. Motere ikikufia karibu na Ubundu, muto haukungojei. Mama aliyekaa juu ya mifuko ya muchele na mutoto mugongoni hakuuliza nguvu za motere. Alilipa ili afike.

Basi, kwa kuvuka na safari fupi, esansi mbili. Kwa mizigo ya Ubundu, mazuti, kama mitumbwi ina upana wa kuipokea. Na makasia yasikose ndani. Mbele ya kulipa, uliza fundi wa bandarini: piesi zake zinapatikana hapa Kindu? Akinyamaza, rudisha franga mufukoni.