Choo Cheusi na Ulimi wa Lawama

Mara ngapi tumesikia habari kama hii! Baba wa watu aanza kudhoofika. Macho yake yamepauka, akipanda kilima kifupi ahema, na choo chake ni cheusi kama lami. Kabla hajafikishwa hospitalini, jamaa wamekwisha kukata shauri: "Amelishwa sumu." Shemeji atazamwa kwa jicho baya, mke aogopa hata kupika. Na kumbe pengine ugonjwa wenyewe ulianzia mahali ambapo hakuna aliyepafikiri, yaani katika figo.

Wasomaji wapenzi, mafigo yetu mawili hukaa mgongoni, chini ya mbavu, nayo husafisha damu na kufanya mkojo. Figo yaweza kuota kansa. Dalili moja ni damu katika mkojo, mara nyingi bila maumivu. Sisi husema upesi, "Ni kichocho tu." Kweli kichocho huleta damu vilevile, lakini ni kazi ya mganga wa hospitali kupambanua, si ya jirani.

Kansa ikionekana mapema, waganga huitoa figo ile. Wala mtu asiogope kubaki na moja: mwaka 1869, kule Heidelberg katika Ujerumani, mganga Gustav Simon alimtoa mama mmoja figo, naye akapona.

Hata hivyo kansa hii ni adui mvumilivu. Chembe zake husafiri katika damu. Mara nyingi hutua mapafuni, mifupani au katika ini. Mara chache hufika tumboni au katika utumbo, pengine miaka 10 na zaidi baada ya figo kutolewa. Uvimbe wake umejaa mishipa, kwa hiyo huvuja damu kwa urahisi. Damu inayovuja tumboni hugeuka nyeusi njiani. Hiyo ndiyo sababu ya choo kile! Tena uvimbe ukiziba utumbo, mgonjwa hutapika na tumbo humsokota.

Choo cheusi chatoka zaidi na vidonda vya tumbo, hata na vidonge vya chuma. Mganga hutafuta chanzo kwa mpira mwembamba wenye taa, upitao kinywani. Akikuta uvimbe, pengine aweza kuukata. Na tangu miaka ya 2000 kuna dawa zinazozuia mishipa inayoulisha, ingawa bei yake ni kubwa.

Basi, yatupasa nini? Aliyetolewa figo aitunze karatasi ya hospitali pamoja na cheti chake cha ndoa, na kila mganga amwambie, hata ikipita miaka 20. Tuache tumbako, tupime msukumo wa damu. Choo kikiwa cheusi, twende hospitalini siku ileile.

Nasi jamaa tuikumbuke amri ya nane. Mgonjwa aweza kufa na kuzikwa kwa amani. Lakini neno la uwongo juu ya shemeji hubaki nyumbani, na watoto hulirithi.